Alhamisi, Saa Nne

Chini ya jengo letu, huku Malmö,
ngazi kumi na mbili kutoka kwenye theluji,
kuna chumba cha kufulia: mashine tatu,
kikaushio kimoja chenye kikohozi,
na ubao wenye matundu ya siku na saa.
Kila nyumba ina kufuli yake.
Ukiitia kwenye saa, saa ni yako.
Mimi Fikret, msimamizi, ndiye mwenye funguo.

Leo kaja kijana wa chuo na dodoso,
miwani imefunga ukungu kwa mvuke.
"Kwa maoni yako," kauliza, "wageni wakizidi kuja,
je, tamaduni mbalimbali zaweza kuishi pamoja kwa amani?
Chagua: ndiyo, hapana, sijui."

Nikamwambia, ngoja kwanza nisafishe chujio.

Likatoka na nyuzi nene kama manyoya ya paka:
mashuka ya Gunvor, pamba ya miaka arobaini,
shela nyeupe ya Letebrhan ya kuendea kanisani,
kanzu ya Abu Dureid, soksi za Esmatullah za mpira.
Kijana macho yakamng'aa.
"Tazama! Zimekuwa kitu kimoja!"
Kimoja, ndiyo. Cha kijivu.
Nikakitupa kwenye pipa.

Usiandike hilo, mwanangu.
Hakuna aliyevuka bahari ili awe vumbi la chujio.
Andika vikaratasi hivi ukutani.
ALIYEACHA NYWELE MASHINE YA PILI ANAJULIKANA.
Sabuni yangu si ya serikali.
Hapa Uswidi tunafuta sakafu.
Na chini yake, kwa wino mwekundu:
Hapa Uswidi hamsalimii?

Miaka mitatu Gunvor na Letebrhan walijibizana kwa gundi.
Wa nne, Gunvor akaanza kumsahihishia tahajia.
Letebrhan alinuna siku mbili.
Ya tatu akaja na daftari, akanakili.

Nilikotoka mimi, tulipatana.
Ee, tulipatana!
Idi yetu walikula baklava mpaka vidole vikanata,
Pasaka yao tuligonganisha mayai ya rangi.
Wahenga husema vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana.
Vyetu havikugongana hata siku moja.
Tulivipanga kwa adabu, tukavifunika kwa kitambaa.
Kisha jirani aliyenifundisha kuogelea
akasimama mlangoni na orodha,
na jina langu alikuwa ameliandika
bila kukosea herufi.

Tangu hapo, amani isiyo na kelele
hunifanya nichungulie dirishani.
Watu wakigombea kikaushio, nalala.

Sisemi ugomvi ni dawa.
Majira ya baridi yaliyopita mtu aliandika neno nje, ukutani.
Nililipaka rangi kabla watoto hawajaenda shule,
mikono mitatu,
na bado unyevu ukizidi herufi mbili huchomoza.
Dodoso lako lina kisanduku cha herufi hizo?

Novemba Gunvor alianguka bafuni, nyonga ikavunjika.
Kufuli yake ikabaki ubaoni: Alhamisi, saa nne.
Saa tamu kuliko zote, imewindwa tangu jengo lijengwe.
Kanuni inasema nusu saa ikipita, yeyote aichukue.
Wiki ya kwanza ilipita. Ya pili ikapita.
Ya tatu nikakuta mashine inazunguka,
na Letebrhan kakaa juu ya ndoo,
anafua mashuka ya Gunvor.
Ufunguo kapewa lini, sijui.

Nikamuuliza, siku hizi ni marafiki?
Akanitazama kama niliyeuliza bei ya mvua.
"Rafiki gani? Yule mama ana ulimi wa pilipili.
Lakini Alhamisi ni yake."

Kijana angali anangoja, kalamu hewani.
Ndiyo, hapana, sijui.
Viatu vyake vimeyeyusha theluji sakafuni,
vidimbwi viwili vyeusi.
Nikampa tambara.

Akafuta.
Pembeni kaacha maji.
Kesho atabandikiwa karatasi.